Msaada Ufike Kabla Kondoo Hajafa

Mazungumzo yaliyotolewa Likasi mbele ya familia zilizohamishwa na viongozi wao



Tunawashukuru kwa kutukaribisha hapa Likasi. Tunajua kwamba wengi wenu mmeacha kazi ya leo ili mkae nasi, na kwa mtu anayekula kutokana na kibarua cha siku, nusu siku si kitu kidogo. Kwa hiyo hatutazunguka sana.

Wakati wa kutayarisha mkutano huu mlituuliza swali zuri. Mlisema: tulipokimbia tuliacha mbuzi, kondoo na kuku, sasa kuna maneno ya kutupatia wanyama tena, je, mahali pengine watu waliopoteza mifugo yao wanasaidiwa namna gani? Tumeona vema kujibu kwa kuwapeleka mbali kidogo, kaskazini ya Kenya, kwa wafugaji wanaohamahama na kondoo wao katika nchi kavu. Watu hao wamepoteza wanyama mara nyingi, na wamesaidiwa mara nyingi, vizuri na vibaya. Mwenye kutaka kujifunza jambo hili, walimu wake ni wao. Baadaye tutarudi hapa Likasi kuangalia lipi linatufaa na lipi halitufai.

Tuanze na nchi yenyewe. Hapa kwetu mvua inakuja karibu mwezi wa 10 au wa 11 na kwenda hadi mwezi wa 4. Inaweza kuchelewa, inaweza kuharibu barabara, lakini inakuja. Kule Marsabit, Turkana, Wajir na Mandera watu wanangoja mvua mara 2 kwa mwaka, ile ya mwezi wa 3 hadi wa 5 na ile ya mwezi wa 10 hadi wa 12, na kuna miaka ambapo haionekani hata moja. Zaidi ya sehemu 80 kwa 100 za nchi ya Kenya ni kavu au nusu kavu. Sehemu kubwa ya huko mahindi hayakubali, na muhogo haukubali. Kinachokubali ni mnyama mwenye miguu ya kufuata majani. Mfugaji anahama kwa sababu mvua nayo inahama: inanyesha bonde hili na kuliacha lile. Watu wengi wa mijini, na hata serikali nyingi tangu wakati wa wakoloni, walimwona kama mtu asiyetaka kutulia, wakajaribu kumfunga mahali pamoja. Mahali pengi walipochimba kisima kimoja na kuwaweka watu wote pale, majani ya kuzunguka kisima yaliisha, na wanyama wakafa njaa huku wamekunywa maji ya kutosha.

Kondoo wa kule wengi wana kichwa cheusi na mwili mweupe, na nyuma wana fungu la mafuta. Mafuta hayo ndiyo ghala lao wakati wa shida. Kondoo jike anabeba mimba miezi 5 tu, kwa hiyo kundi linaweza kuongezeka upesi mvua ikiwa nzuri. Ngamia na ng'ombe ni mali ya heshima na ya kuoa. Kondoo na mbuzi ndio mfuko wa kila siku: karo ya shule, unga, dawa ya mtoto. Mwenye ng'ombe 1 hawezi kuuza mguu wa ng'ombe ili anunue dawa, lakini mwenye kondoo 20 anaweza kuuza 1 na kubaki na 19. Ndiyo maana mara nyingi wanyama hawa wadogo wako karibu na mikono ya wamama na watoto. Tena ndiyo maana kondoo wakifa, anayeumia kwanza ni mtoto aliyekuwa shuleni.

Sasa sikilizeni jinsi ukame unavyoua, maana wengi wanafikiri unaua kwa kiu peke yake. Mvua ikikosa, mambo 2 yanatokea pamoja. Wanyama wanakonda, na kila mtu anapeleka wa kwake sokoni siku zilezile. Bei ya kondoo inaanguka. Wakati huohuo unga unakuwa haba na bei yake inapanda. Kondoo ambaye zamani alinunua gunia sasa ananunua debe, na baadaye hanunui kitu, kwa sababu mchuuzi hataki mifupa. Kondoo anakula majani ya chini, hapandi vichaka kama mbuzi, kwa hiyo mara nyingi anadhoofika mbele ya mbuzi. Familia inaanguka hapo sokoni, wiki nyingi kabla ya mzoga wa kwanza.

Kutoka mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana bila kuleta mvua ya kutosha katika pembe ile ya Afrika. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Watu walikaa kando ya barabara wakingoja malori ya chakula. Hatusemi vibaya juu ya chakula cha msaada. Kuna siku ambapo hakuna kingine kinachookoa uhai, na wengine wenu mliokula chakula hicho mnajua thamani yake. Lakini mtu aliyepewa unga baada ya kondoo wake 60 kufa atahitaji unga tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata. Kama angesaidiwa miezi 3 mapema, pengine angebaki na kondoo 25 na angekuwa bado mtu wa kutoa, si wa kupokea tu.

Kuna mfano mmoja ambao tunaupenda. Ulikuwa mwaka 2006, upande wa Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya. Ukame ulikuwa umeingia. Badala ya kungoja wanyama wafe, shirika moja na serikali ya Ethiopia walikwenda kuwatafuta wachuuzi wa mifugo wa mijini na kuwaleta kwa wafugaji. Wachuuzi 2 walipewa mkopo wa dola 25,000 kila mmoja, na kwa muda mfupi walinunua karibu ng'ombe 20,000, wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1. Fikirini: mkopo ulikuwa mdogo kuliko mali iliyonunuliwa, kwa sababu wachuuzi, walipoona kuna faida, walitoa na fedha zao wenyewe. Wafugaji walipata fedha mkononi wakati wanyama bado wana nyama. Fedha hizo wakazitumia kununua chakula cha watu, na majani na dawa kwa wanyama waliobaki. Wale walikuwa ng'ombe, lakini njia ni ileile kwa kondoo, na kwa kondoo ni rahisi zaidi kubeba katika lori.

Njia nyingine ni fedha zenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, serikali ya Kenya pamoja na wafadhili ilianza mpango wa kupeleka fedha kwa familia maskini kabisa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kila baada ya miezi 2, na kuongeza familia nyingine wakati ukame unapokuwa mkali. Fedha si nyingi. Lakini mama anayejua kwamba fedha itakuja mwezi ujao hauzi kondoo jike wake wa mwisho leo, na mwenye duka anakubali kumkopesha. Tumewasikia viongozi wengine wakisema kwamba watu maskini wakipewa fedha watakunywa pombe. Wafadhili wenyewe walifanya uchunguzi juu ya mpango ule, na sehemu kubwa ya fedha ilionekana kwenda kwa chakula. Maneno haya ya pombe tungependa yaishe.

Halafu kuna bima. Mwezi wa 1 mwaka 2010, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi walianzisha huko Marsabit bima ya mifugo inayotumia setilaiti. Setilaiti inaangalia kutoka juu kama nchi ina majani mabichi au imekauka. Ikikauka kupita kiwango fulani, waliokata bima wanalipwa, bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitoka mwaka 2011. Wajir, ambako watu wengi ni Waislamu, bima ya namna hiyo iliyofuata sheria ya dini yao ilianza mwaka 2013. Hapo mwanzo ililipa baada ya hasara kuonekana. Baadaye wakabadilisha ili ilipe mapema, wakati majani yanaisha, ili fedha inunue chakula cha mifugo. Hilo ndilo badiliko kubwa. Hata hivyo tusiwauzie ndoto. Setilaiti inaona majani, haimwoni kondoo wako. Kondoo akiibiwa au akiugua, bima ile hailipi. Na wengi walionunua mara moja hawakununua mara ya pili. Kwa Likasi hatuioni kuwa na faida, na tunawaambia wazi msipoteze siku kuijadili.

Ugonjwa ni jambo jingine, na hili linatuhusu moja kwa moja. Kuna sotoka ya mbuzi na kondoo. Mnyama anapata homa, macho na pua zinatoka uchafu, midomo inakuwa na vidonda, anaharisha, na katika kundi ambalo halijapata kuugua wengi wanakufa. Katika Turkana ulilipuka vibaya miaka ya 2006 na 2007. Hapa Kongo nako umefika: mwaka 2012 shirika la FAO lilitoa tahadhari kwamba ugonjwa huu unaua mbuzi na kondoo wengi katika nchi yetu na unaweza kuvuka kwenda kwa majirani wa kusini. Habari njema ni kwamba chanjo yake ipo, na sindano 1 inamlinda mnyama kwa miaka isiyopungua 3. Shida ni kwamba chanjo lazima ikae katika baridi mpaka siku ya kutumiwa. Wafugaji wa Kenya walisaidiwa kwa kuwafundisha vijana wao wenyewe kuwa wahudumu wa afya ya mifugo, watu wanaohama pamoja na kundi, kwa sababu daktari wa mifugo wa mjini hawezi kulifuata. Atakayegawa kondoo wasiochanjwa, walionunuliwa katika masoko 10 tofauti, atakuwa amegawa ugonjwa kwa mikono yake.

Sasa tufike kwenye amani, maana ndiyo kazi yetu.

Kule nchi kavu, mwaka wa ukame ni mwaka wa vita. Maji yanapungua, makundi yanakutana kwenye kisima kimoja, na bunduki zimejaa. Baada ya ukame wa miaka ya 1991 na 1992, koo za Wasomali katika Wajir zilipigana na watu wengi waliuawa. Soko la Wajir liligawanyika: mwanamke wa ukoo huu hakununua tena maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule, na aliyejaribu alipigwa. Hapa Likasi hamhitaji kufundishwa jambo hilo. Miaka ya 1992 na 1993 mji huu uliona familia zenye asili ya Kasai zikifukuzwa na majirani zao, maelfu ya watu wakilala kwenye kituo cha gari moshi wakingoja safari, na wengi wakafa hapo na njiani.

Katika Wajir, wanawake wachache walianza mwaka 1993. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, ambaye baadaye, mwaka 2007, alipewa tuzo ya Right Livelihood. Hawakuanza na hotuba juu ya amani. Walianza na soko. Waliweka wanawake wa kuangalia kila siku kwamba hakuna anayezuiwa kuuza au kununua kwa sababu ya ukoo wake, na palipotokea ugomvi waliuita na kuumaliza palepale. Soko lilipotulia, wakaenda kwa wazee. Mwezi wa 9 mwaka huohuo wazee wa koo wakafanya mapatano ya Al Fatah, yenye kanuni za kurudisha amani. Vijana, serikali na viongozi wa dini waliingia baadaye. Tunapenda mpangilio huo: kwanza maziwa, halafu wazee, halafu serikali.

Mwaka 2001 jamii za kaskazini mashariki ya Kenya ziliketi Modogashe na kuandika kanuni za malisho, maji na wizi wa mifugo. Mfugaji anayetaka kuingia katika malisho ya wengine aombe kwanza ruhusa kwa wazee wa pale. Silaha haramu zisibebwe. Mifugo iliyoibwa irudishwe, na wazee wafuate nyayo. Fidia nayo iliandikwa: kwa mwanaume aliyeuawa, ngamia au ng'ombe 100, kwa mwanamke, 50. Tunasikia wamama wa mbele wanaguna, na wana haki ya kuguna. Wanawake wa Kenya waliguna pia, na wanasheria walikumbusha kwamba mauaji ni kazi ya mahakama. Tunaitaja ili muone kwamba mapatano yaliyoandikwa na wazee peke yao yatakuwa na kasoro za wazee. Lakini kanuni ile ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia inaweza kuzuia vifo vingi.

Kwetu Kongo pia mifugo imefanywa kuwa silaha. Katika milima ya Fizi na Uvira, upande wa Minembwe, toka mwaka 2017 vijiji vingi vimechomwa na ng'ombe wengi sana wameporwa. Kila kundi la ng'ombe lililoporwa limezaa kundi jingine la wenye bunduki. Ninyi mliotoka Mitwaba na Pweto mnajua upande wenu wa habari hiyo: wenye silaha walipopita, cha kwanza walichokula kilikuwa mbuzi wenu.

Turudi basi hapa. Likasi si nchi kavu, na ninyi si wahamaji kwa mila, mmehamishwa. Likasi ina mashamba ya mahindi na muhogo pembeni ya mji, na kila shamba lina mwenyewe. Tukiwapa familia zilizohamishwa kondoo 200 kesho, keshokutwa kondoo watakuwa ndani ya mahindi ya wenyeji, na baada ya wiki 1 tutakuwa na mgonjwa mwenye jeraha la panga. Msaada huo utakuwa umeleta vita ambavyo havikuwepo. Kwa hiyo tunasema wazi: hatutaunga mkono ugawaji wa wanyama kabla ya mapatano kati yenu na wenyeji juu ya malisho, maji na njia ya kupita. Tunajua wengine wenu mmengoja sana na hamtaki kusikia neno «subirini». Ni afadhali mkasirike na sisi leo.

Mapatano hayo yasiwe marefu. Yaseme kondoo watalishwa wapi wakati wa mvua, mazao yakiwa shambani, na wapi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati mwenye shamba mwenyewe anaweza kufurahia samadi. Yaseme moto wa msituni utawashwa na nani na lini, maana moto mmoja wa mwezi wa 8 unaweza kumaliza majani ya kundi zima. Yaseme kondoo akiingia shambani nani anapima hasara, na analipwa nani. Juu ya maji, mnajua kuliko sisi ni mito gani inapokea mabaki ya viwanda vya madini. Mnyama asinyweshwe huko, wala mtoto.

Na wenyeji maskini nao wapate. Mama mwenyeji ambaye amewakaribisha watu 9 katika nyumba ya vyumba 2 hawezi kuangalia wageni wake wakipewa kondoo na yeye akipewa shukrani.

Juu ya namna ya kugawa, Waborana wa kaskazini ya Kenya na kusini ya Ethiopia wana desturi ya zamani inayoitwa busa gonofa: aliyepoteza wanyama bila kosa lake anaendea ukoo wake, na ukoo unachanga wanyama wa kumwanzishia kundi upya. Haombi sadaka, ni haki yake, na kesho yeye atachangia mwingine. Katika Tanzania miradi mingi imetumia njia iliyo karibu na hiyo, wanaiita kopa mbuzi lipa mbuzi. Unapewa jike, anazaa, unatoa jike mmoja kwa familia inayofuata katika orodha. Tunaona njia hii inawafaa. Lakini inataka mambo ya kukubaliana mapema: jike akifa kwa ugonjwa deni linakwenda wapi? Familia ikirudi Mitwaba kabla ya kulipa, inakwenda na kondoo? Sisi tungesema iende naye na ilipe kutoka huko, kwa sababu hatutaki deni la kondoo 1 limzuie mtu kurudi nyumbani. Wengine kati yenu wamesema hapana. Hilo mtaamua ninyi.

Jambo la mwisho ni jina la nani litaandikwa. Tunaomba liandikwe jina la mama wa nyumba. Wababa, msinung'unike, tumeeleza tayari mfuko wa kondoo unalipa nini.

Kesho saa 3 asubuhi kamati yenu na wajumbe wa wenyeji watatembea pamoja nasi kwenda kuangalia malisho. Kila mtaa ulete mzee 1 anayejua mipaka ya mashamba, mama 1, na kijana 1 anayeweza kuandika. Daktari wa mifugo ameahidi kuja kusema chanjo inaweza kupatikana lini. Bila tarehe yake hatutanunua mnyama hata 1. Sasa tuko tayari kusikia maswali, na tunaomba tuanze na wale waliokaa nyuma.